Nusu Tani

Lori limepanda mizani, barabara ya Likasi,
vumbi la kijani limeganda kwenye matairi.
Sahani ya chuma inasema thelathini na moja na nusu.
Karatasi inasema thelathini na moja.
Kila mkia unakatwa, tangu mvua za Novemba.
"Tafuta mdudu," akasema Mesie Kaumba,
akaniachia funguo za ofisi na chupa ya maji.

Nikaanza mwisho, kwenye ripoti,
maana maji machafu hufuatwa kuelekea chemchemi.
Ripoti ni Paithoni, kazi ya mkono wa Nshimba,
na Nshimba hana chombo, ana mdomo:
kila baada ya mistari mitatu amechomeka chapisha,
nimefika hapa,
nimefika hapa pia,
mama weee nimefika hapa.
Nilicheka peke yangu. Lakini kufika, alifika.
Namba ilimjia tayari imekatwa.

Nikapanda kwa Java.
Mazingira yake huamka kama bibi harusi wa Kamalondo:
unangoja, unapika bukari, unakula, unanawa,
ndipo anatoka, na ametoka kweli.
Ukitia kitone chekundu kando ya mstari
dunia nzima inasimama mguu juu,
vigeu vinajipanga pembeni, kila kimoja na thamani yake,
kama wanafunzi wa masista siku ya ukaguzi.
Nikauliza. Hapo pia: thelathini na moja.

Umeme ukakatika. Betri robo.
Jenereta ikakohoa, ya jirani, si yetu.

Nikaruka hadi chini kabisa, kwenye mizani yenyewe,
kwenye Si, lugha isiyopenda maneno.
Chombo chake ni taa ya mchimbaji, imefungwa kwenye paji:
humulika pale tu unapogeuza kichwa,
pembeni giza, na giza lile lina mashimo.
Ukikiuliza anwani, kinakupa anwani. Basi.
Saa nzima nikitambaa, hatua, hatua, hatua,
hadi nikaikuta imelala salama:
31,5.
Kwa koma, kama tulivyofundishwa shuleni,
kama mama anavyoandika madeni ya makaa.

Pakabaki mahali pamoja: dirisha la karani,
Javaskripti, ambamo bonyezo moja la F12
linapasua ukurasa tumbo, ukaona utumbo ukicheza.
Chombo chepesi kuliko vyote, kimo katika kila mashine,
hata ile ya kibanda cha picha kule Katuba.
Wenzake wangegombana na koma ile:
Java ingepiga yowe la mistari arobaini,
Paithoni ingekataa, ikafunga mlango.
Hii ilikula thelathini na moja, ikafika kwenye koma,
ikaona si nukta, ikapangusa midomo, ikanyamaza.

Nikarekebisha. Mstari mmoja.

Asubuhi nikamwonyesha Mesie Kaumba.
Hakushangaa. Alikuwa akikoroga sukari.
"Wachimbaji ndio waliolalamika?" nikauliza.
"Hao wanalalamika tangu Novemba," akasema.
"Mkaguzi ndiye anakuja Jumatatu."

Nikarudi mezani, nikakaa.
Taa, kitone, dirisha: vyote vinaonyesha namba ilipopotelea.
Hakuna kilichonionyesha kijiko kile
kikizunguka kikombeni, polepole, miezi minne.
Nje malori yamepanga foleni, madereva wanapiga honi.

Nikaazima njia ya Nshimba, ile ya mdomo.
Mistari sita tu: soma kila lori, soma mwenye mzigo,
toa kilichopimwa, toa kilicholipwa, chapisha tofauti.
Chapisha Mwanke, nusu tani.
Chapisha mjane wa Kabemba, tani saba na robo.
Chapisha, chapisha.
Nikaunganisha printa, nikaenda kufungua mlango wa nje,
na karatasi ikaanza kutoka.